Mkazo ndani ya nikeli: namna ya kuupima kwa ukanda wa filageji na skana

Bampa lililopakwa kromu likianza kutoa magamba, lawama zote huenda kwa kromu. Lakini kromu ya urembo ni nyembamba sana, kwa kawaida haifiki hata maikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake kuna nikeli ya maikromita 10 hadi 25, wakati mwingine zaidi, na hiyo ndiyo yenye nguvu ya kujing'oa. Nikeli inayopakwa kwa umeme huzaliwa ikiwa tayari imejivuta, hata kabla kitu chochote hakijaigusa. Mvuto huo, ndio mkazo wa ndani, hauonekani kwa macho na hausikiki kwa kidole. Unaweza kupimwa, tena kwa vifaa ambavyo chuo cha ufundi au karakana yenye nidhamu inaweza kuvipata.

Njia yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1909 mhandisi Gerald Stoney alipaka nikeli upande mmoja wa rula nyembamba za chuma, akaona zinapinda zenyewe, na kutokana na upindaji huo akakokotoa mkazo. Leo maabara zinazopaka tando kwenye sahani za silikoni bado zinatumia mlinganyo wake, isipokuwa wao hupima mpindo kwa leza. Sisi tutatumia ukanda wa filageji, yaani bapa moja kutoka ile seti ya bapa za chuma ambayo fundi gari huitumia kupimia uwazi wa valvu. Chuma chake ni cha springi, unene wake ni sawa kote, na unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari.

Vifaa

Utahitaji bapa kadhaa za filageji zenye unene wa 0.25 mm na upana wa 12.7 mm, maikromita ya mkono (kifaa cha kupimia unene), mizani inayosoma hadi 0.001 g, chanzo cha umeme wa DC kinachodhibiti mkondo, skana ya kawaida ya ofisini, kipande cha kioo chenye unene wa 5 au 6 mm, ambacho mafundi wa madirisha ya alumini hukitupa kila siku, tepu nyembamba yenye gundi pande mbili, asetoni, na myeyusho wa nikeli.

Usidanganyike na mizani. Ile ya sonara inayosoma 0.01 g haitoshi hapa. Nikeli tutakayopaka itakuwa na uzito wa takriban 0.08 g, kwa hiyo kosa la 0.01 g peke yake linaharibu jibu kwa zaidi ya asilimia 12.

Kuhusu myeyusho, mchanganyiko ulioletwa na Oliver Watts mwaka 1916 bado ndio msingi wa karakana nyingi: kwa kila lita, nikeli salfeti gramu 240 hadi 300, nikeli kloridi gramu 30 hadi 90, na asidi ya boriki gramu 30 hadi 45. Joto liwe kati ya nyuzi 40 na 60 za Selsiasi, na pH kati ya 3 na 4.5. Kama una tangi linalofanya kazi, chota humo humo. Unataka kujua mkazo wa tangi lako kama lilivyo, pamoja na uchafu wake.

Chumvi za nikeli huleta mzio mkali wa ngozi, na vumbi au mvuke wake ukivutwa kwa muda mrefu unahusishwa na saratani. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, na usimwage myeyusho wala maji ya kwanza ya suuza kwenye mtaro. Yakusanye kwenye dumu lenye alama.

Hatua ya 1: Ujue ukanda wako kabla ya kuupaka

Pima unene kwa maikromita mahali patano, andika wastani. Usiamini namba iliyogongwa kwenye bapa. Unene wa chuma unaingia kwenye mlinganyo ukiwa kipeo cha pili, maana yake kosa la asilimia 2 hapa linakuwa asilimia 4 kwenye jibu.

Futa mafuta kwa asetoni, kisha kwa sabuni ya alkali, suuza. Maji yakitandaa bila kukatika matone, mafuta yameisha. Kausha, pima uzito, kisha pima mpindo wa mwanzo kwa namna nitakayoieleza kwenye hatua ya 4. Hakuna bapa iliyonyooka kabisa kutoka kiwandani, na mpindo huo wa kuzaliwa lazima uuondoe mwishoni.

Andaa na ukanda wa pili, wa shahidi. Huo utapita hatua zote za kubandikwa, asidi, joto na asetoni, ila utakaa kwenye maji ya moto badala ya myeyusho, bila umeme. Asidi ikila upande mmoja wa chuma cha springi huweza kuupindisha kidogo, kwa sababu chuma chenyewe kina mikazo iliyoachwa na kiwanda. Mpindo wa shahidi ukibadilika, kiasi hicho si cha nikeli.

Hatua ya 2: Ubandike bapa

Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibikia, na ndipo ningependa utulie.

Ukanda unaweza kuachwa huru ndani ya myeyusho ujipinde taratibu kadiri nikeli inavyoongezeka, au unaweza kushikiliwa bapa hadi kazi iishe, kisha ukaachiwa. Njia zote mbili ni sahihi, ila kila moja ina mlinganyo wake, na mpindo ule ule utakupa mkazo tofauti. Mimi napendelea kuushikilia. Bampa halisi ni nene, halipindi, kwa hiyo nikeli juu yake inaishi ikiwa imeshikiliwa. Ukanda uliobandikwa unaiga hali hiyo tangu maikromita ya kwanza.

Bandika ukanda kwenye kioo kwa ile tepu ya pande mbili, ifunike mgongo wote bila kuacha hata kona. Tepu inafanya kazi mbili: inaushika bapa na inazuia nikeli isiingie nyuma. Epuka tepu ya sponji. Epuka pia kuziba kingo za mbele kwa selotepu. Ukiziba milimita moja kila upande, nikeli itafunika 10.7 mm tu kati ya 12.7, na mlinganyo unadhani upana wote umefunikwa.

Acha ncha ya juu wazi kwa ajili ya klipu ya umeme. Urefu wa kuzama uwe 90 mm.

Hatua ya 3: Paka

Chovya kwenye asidi hidrokloriki ya asilimia 10 kwa sekunde 10 hadi 30, si zaidi, kwa sababu chuma cha springi hunywa haidrojeni na kuwa rahisi kuvunjika. Ukitengeneza asidi hiyo, mimina asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Suuza, na ingiza kwenye myeyusho kabla haujakauka.

Eneo lililozama ni sentimita za mraba 11.4. Kwa mkondo wa ampea 4 kwa kila desimita ya mraba, weka ampea 0.46. Kwa kasi hiyo nikeli hupanda karibu maikromita 47 kwa saa, hivyo dakika 10 zinakupa takriban maikromita 8. Andika joto na pH. Kama kuna kikoroga, kiwashe.

Toa, suuza, kisha lowesha kioo chote ndani ya asetoni mpaka ukanda ujiachie wenyewe. Usiubandue kwa kucha wala kisu. Mkono ukiupinda hata mara moja kupita kiasi, umeandika mkazo wako juu ya ule wa nikeli na hutaweza kuutenganisha tena. Safisha mabaki ya gundi, kausha, pima uzito.

Tuseme uzito umeongezeka kwa 0.0814 g. Gawanya kwa eneo, kisha kwa msongamano wa nikeli ambao ni 8.9 g kwa sentimita ya ujazo, unapata sentimita 0.0008, yaani maikromita 8. Huo ni unene wa wastani. Kingoni nikeli huwa nene zaidi kuliko katikati kwa sababu umeme hupenda ncha, na kama tofauti hiyo ni kubwa utaiona kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Soma mpindo

Mtu wa kwanza anayefikiria kipimo hiki hufikiria saa ya kupimia, ile yenye kijiti kinachogusa. Iache kabatini. Ukanda wa 0.25 mm uliokalishwa juu ya egemeo mbili zilizoachana 80 mm ni laini sana: nguvu ya niutoni 1 katikati huubonyeza karibu 3 mm, wakati upindaji tunaoutafuta ni 0.4 mm. Kijiti kitakuwa kinapima nguvu yake chenyewe. Hata kuulaza tu si salama, kwani uzito wa ukanda peke yake unaushusha katikati kwa karibu 0.04 mm, sehemu ya kumi ya jibu lako.

Simamisha ukanda kwa ubavu. Ubavu wa chini ukae moja kwa moja juu ya kioo cha skana, ukanda ukiwa wima kama ukuta mdogo, bila kubanwa na chochote. Kama unaanguka, uegemeze kwa kipande cha sponji laini upande mmoja bila kuusukuma. Funika kwa karatasi nyeupe badala ya kifuniko. Skani kwa nukta 1200 kwa inchi, ambapo kila nukta ni 0.021 mm. Kwa kuwa ubavu unagusa kioo, picha inakuwa kali hata kwenye skana za bei nafuu. Skani na rula ya chuma pembeni, mara moja mlalo na mara moja wima, uhakikishe skana haivuti picha upande mmoja.

Fungua picha kwenye programu yoyote inayoonyesha namba za nukta. Soma mahali pa mstari wa ndani wa ukanda kwenye pointi tisa au zaidi, zikiwa zimetawanyika kwa 80 mm za katikati. Zigeuze kuwa milimita, ziweke kwenye jedwali la hesabu, chora chati, na weka mstari wa mwelekeo wa daraja la pili ukiomba mlinganyo wake uonekane. Ongeza tarakimu za desimali, maana programu nyingi hukata na kukuachia namba moja tu yenye maana. Ile namba inayozidisha kipeo cha pili cha x, izidishe kwa 2: huo ndio mpindo, kwa kila milimita.

Tuseme baada ya kupaka umepata 0.00053, na mwanzoni ulikuwa 0.00003 kuelekea upande ule ule, na shahidi hakubadilika. Mabadiliko ni 0.0005 kwa milimita, sawa na duara lenye nusu kipenyo cha mita 2.

Kabla hujaendelea, angalia pointi zinavyokaa kando ya mstari. Zikitawanyika ovyo juu na chini, ni kosa la kusoma tu. Zikijipanga kwa mpangilio, kwa mfano ncha moja imepinda zaidi ya nyingine, nikeli yako si sawa kote na wastani wa unene unakudanganya. Sogeza anodi, kile kipande cha nikeli kilichounganishwa na upande chanya wa umeme, urudie.

Na mwelekeo: nikeli ikiwa upande wa ndani wa upinde, inavuta. Ikiwa upande wa nje, inasukuma.

Hatua ya 5: Mlinganyo

Mlinganyo wa Stoney, kwa namna tunayoutumia leo, ni huu:

mkazo = [E ÷ (1 − ν)] × (unene wa chuma)² × mabadiliko ya mpindo ÷ (6 × unene wa nikeli)

E ni moduli ya Young ya chuma, kipimo cha namna kinavyokataa kuvutika, na ν ni uwiano wake wa Poisson, yaani kinavyosinyaa kwa upana kikivutwa kwa urefu. Kwa chuma cha springi chukua 205,000 MPa (megapaskali, yaani niutoni kwa kila milimita ya mraba) na 0.29, mabano ya kwanza yanakuwa 289,000 MPa. Stoney mwenyewe hakuwa na ile (1 − ν). Alichukulia rula inajipinda upande mmoja tu, wakati nikeli inavuta kwa urefu na kwa upana pamoja. Ukiisahau, mkazo unatoka 134 badala ya 188 katika mfano wetu, na bado utakutana na watu wanaotoa ripoti bila hiyo.

Weka namba zote katika milimita:

289,000 × 0.25² × 0.0005 ÷ (6 × 0.008) = 188 MPa

Je, ukanda unajipinda kwa pande zote mbili kweli? Kagua. Kwa nusu kipenyo cha mita 2, bonde la upana wa 12.7 mm lina kina cha karibu 0.01 mm, kidogo sana kikilinganishwa na unene wa 0.25 mm. Basi uko salama. Kina hicho kikikaribia unene wa ukanda, umbo linaanza kuwa la bomba na mlinganyo huu haukufai tena. Chukua bapa nene zaidi.

Hatua ya 6: Sahihisha kwa unene

Stoney alidhani utando ni mwembamba kiasi kwamba haubadilishi ugumu wa ukanda. Nikeli yetu ni 0.008 kwa 0.25, yaani 0.032 ya unene wa chuma. Asilimia 3 inaonekana ndogo. Tazama inavyofanya kazi.

Nikeli na chuma vina moduli zinazokaribiana mno, na hilo linarahisisha mambo. Ukiita uwiano wa unene h, basi kwa ukanda ulioshikiliwa bapa kisha ukaachiwa, jibu la Stoney lizidishe kwa (1 + h) mara tatu, yaani kipeo cha tatu. Sababu ni kwamba ukanda mzima, chuma pamoja na nikeli, ndio unaokataa kupinda wakati wa kuachiwa, na ugumu wa kupinda hukua kwa kipeo cha tatu cha unene. Kwa ukanda ulioachwa huru tangu mwanzo, kila tabaka jipya linakuta ukanda umeshapinda na unene umeongezeka kidogo tu, hivyo masahihisho ni (1 + h) mara moja. Huo wa pili ndio mlinganyo ambao Brenner na Senderoff wa Marekani waliuandika mwaka 1949 kwa kazi ya kupaka kwa umeme.

Kwa mfano wetu:

uliobandikwa: 188 × 1.032³ = 207 MPa
ulioachwa huru: 188 × 1.032 = 194 MPa

Mpindo mmoja, ukanda mmoja, majibu mawili. Ndiyo maana ripoti isiyosema ukanda ulishikwaje haina thamani kubwa kwangu, hata ikiwa na desimali tatu.

Sehemu ya namba hiyo ni ya joto tu. Nikeli husinyaa zaidi kuliko chuma inapopoa. Kutoka nyuzi 50 za tangi hadi nyuzi 25 za chumba, tofauti hiyo huongeza karibu MPa 11 za mvuto. Si nyingi, ila ukilinganisha tangi la nyuzi 40 na la nyuzi 60, iondoe kwanza.

Sasa kosa. Unene wa chuma, ukichukua shaka ya 0.005 mm, unatoa asilimia 4. Unene wa nikeli tuseme asilimia 3. Kusoma mpindo, nukta moja kati ya 0.4 mm, asilimia 5. Ukizikusanya kwa vipeo vya pili na kutoa kipeuo, unapata asilimia 7. Andika 207 ± 15 MPa. Mtu akikuletea ukanda wa 200 na mwingine wa 212, usimwambie tangi limebadilika.

Hatua ya 7: Jaribu modeli yenyewe

Ukanda mmoja unatoa namba. Hautoi ushahidi kwamba modeli, yaani mlinganyo tuliotumia, inafaa. Paka kanda tatu, za maikromita 4, 8 na 12, kwa mkondo na joto lile lile. Modeli ikiwa sahihi na tangi likiwa tulivu, mkazo uliosahihishwa utakuwa ule ule ndani ya kosa lako. Ukishuka kadiri unene unavyoongezeka, tabaka za mwanzo zina mvuto mkubwa kuliko za baadaye, jambo la kawaida kwa metali inayoanza kukua juu ya chuma kingine. Ukipanda, tafuta kinachobadilika wakati unapaka: pH inayokwea, joto linaloshuka, au mkondo usiotulia.

Myeyusho wa Watts bila dawa ya kung'arisha kwa kawaida hutoa nikeli yenye mvuto wa MPa 125 hadi 210. Ukiwa juu sana ya hapo, shuku kloridi nyingi, chuma kilichoyeyuka ndani ya tangi, au uchafu wa mafuta na dawa zilizooza. Kuchuja kwa mkaa amilifu huondoa uchafu wa aina hiyo ya mwisho. Sakarini, ile ile ya kutia utamu, hushusha mvuto na ikizidi huugeuza kuwa msukumo; utauona ukanda ukipinda kuelekea upande wa pili. Msukumo mkubwa nao si salama, maana utando huinuka kama malengelenge mahali paliposhikana vibaya.

Kutumia namba

Kinachobandua utando ni nishati iliyofungwa ndani yake ikilinganishwa na nguvu ya mshikamano. Kikomo chake cha juu kwa kila mita ya mraba ni mkazo kwa kipeo cha pili, mara unene, gawanya kwa E ÷ (1 − ν) ya nikeli ambayo ni takriban 290 GPa (290,000 MPa). Kwa MPa 207 na maikromita 8 ni karibu julu 1.2 kwa mita ya mraba. Paka maikromita 25 kwa tangi lile lile, inafika 3.7. Mkazo haujabadilika hata kidogo, lakini kishawishi cha kubanduka kimekuwa mara tatu. Fundi anayeongeza unene ili kazi idumu anaweza kuwa anaiharakisha kubanduka, hasa kama usafishaji wake ni wa wasiwasi. Kushusha mkazo kwa nusu kunapunguza nishati hadi robo, hivyo kama una nguvu ya kushughulikia jambo moja tu, shughulikia mkazo kabla ya unene.

Mshikamano wenyewe ujaribu kwa kuupinda ukanda mwingine mpaka uvunjike na kutazama mpasuko kwa lenzi: nikeli isiinuke pembeni. Jaribio la kukata miraba kwa wembe na kubandua kwa selotepu ni la rangi, na kwa nikeli karibu kila kitu kinafaulu.

Ukitaka na ugumu, usibonyeze utando huu wa maikromita 8 kwa mashine ya Vickers, ile inayopima ugumu kwa kubonyeza ncha ya almasi. Alama isizidi kina cha sehemu ya kumi ya unene, na kwa nikeli yenye ugumu wa karibu 200 hilo linadai mzigo wa gramu 3 au 4, wakati mashine nyingi za maabara zinaanzia gramu 10. Paka kipande cha pembeni cha maikromita 25 au zaidi kwa kazi hiyo, na ubonyeze kwa gramu 10.